Mwalimu Kidawa na Maji ya Serikali

Nchi yetu ina jina zuri, lakini sitalitaja. Kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na ombi langu bado liko Wizarani. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina bendera na wimbo, na mwaka huu ninaousimulia ilikuwa haina ugonjwa wowote. Magonjwa yalifutwa kwa tangazo mwezi wa tatu, na sisi raia tulishukuru.

Mimi naitwa Semeni. Nilikuwa mwalimu msaidizi wa chekechea katika shule ya mtaa wetu. Kazi yangu ilikuwa kufuta makamasi, kugawa uji, na kuhakikisha watoto wamekaa mikono kifuani. Ndivyo tulivyofundisha siku zote: mwalimu anasema, mtoto anarudia, kengele inalia. Watoto wetu walikuwa watulivu sana. Wageni waliopita dirishani walidhani wamelala.

Mambo yalibadilika Kiongozi wetu aliposafiri ng'ambo. Huko alipelekwa kuona shule ya watoto wadogo, na mtoto wa miaka minne akampa tembo aliyemfinyanga kwa udongo, mkonga umepinda, sikio moja halipo. Kiongozi akaguswa. Kabla ndege haijatua nyumbani, sera ilikuwa tayari: kuanzia mwaka huo watoto wa nchi yetu watafundishwa kwa kazi za mikono, kwa sayansi na kwa matembezi. Wizara ya Malezi na Utulivu ikapekua majalada yake yote ikakuta hakuna mwalimu hata mmoja nchini mwenye cheti cha kushika udongo. Ikabidi aletwe mtu kutoka nje.

Akaletwa Kidawa Shekilindi, mzaliwa wa Lushoto. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na minne, mwenye kicheko kinachosikika madarasa matatu mbali, na alikuwa amefundisha watoto wadogo miaka kumi na mmoja. Alikuja na mabegi mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilijaa chupa tupu, kamba, vifungo, vipande vya vitenge na maharage ya rangi tano ya kuhesabia. Maharage yalizuiwa uwanja wa ndege wiki tatu, kwa kuwa hayakuwa na pasipoti.

Siku ya kwanza aliingia darasani, akawaona watoto ishirini na watatu wamekunja mikono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wameadhibiwa. Nikamwambia hapana, ndivyo walivyo wakiwa na furaha.

Aliketi sakafuni. Watoto walishtuka, maana hawakuwahi kuona mwalimu akiwa mfupi kuliko wao. Akatoa kamba na vifungo, akaanza kutunga. Baada ya muda msichana mmoja aitwaye Sauda, aliyelelewa na bibi yake nyuma ya soko, akakunjua mikono akasogea. Alikuwa na miaka mitano na nusu na pengo la meno mawili ya mbele. Aliuliza kama kifungo chekundu kinaweza kukaa karibu na kijani. Kidawa akamwambia ajaribu aone. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mtoto wa shule yetu akiuliza swali, na nilitazama mlangoni kuona kama kuna mtu amesikia.

Kidawa aliomba udongo. Wizara ikajibu kwamba udongo ni madini, na madini ni ya taifa zima, hivyo watoto ishirini na watatu hawawezi kupewa peke yao. Badala yake tuliletewa picha ya udongo, kubwa, ya rangi, ndani ya fremu. Kidawa aliitazama ile picha. Kisha akaomba magazeti ya zamani ili watoto waloweke karatasi na kufinyangia.

Magazeti yakaletwa mengi. Tatizo ni kwamba kila ukurasa una picha ya Kiongozi, na kupitisha mkasi kwenye picha hiyo ni kosa. Tukawafundisha watoto kukata kwa kuizunguka, taratibu, ulimi nje, hata wakawa mafundi. Baada ya mwezi tulikuwa na wanyama kumi na wanne wa karatasi, na boksi lenye Viongozi mia sita na arobaini. Mkaguzi alipokuja hakuwatazama wanyama. Alifungua boksi, akasimama wima, akauliza kwa nini Kiongozi ametengwa na habari zake. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Ngwale, alimweleza kwamba amehifadhiwa, hakutengwa. Bwana Ngwale hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa jasho. Ukimwambia habari yoyote, hata nzuri, kola yake inalowa.

Nasimulia haya kama vile yalichekesha, na kweli Kidawa alicheka. Lakini jioni nilimkuta amekaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, mikono kichwani. Aliniambia amekuja kufundisha watoto na sasa anafundisha hofu iliyochanganywa na gundi. Nilimwambia atazoea.

Ya matembezi yalikuwa mazito zaidi. Aliomba kuwapeleka watoto mtoni, akaambiwa mto uko nje ya mtaala. Akaomba bustani ya karanga iliyo ng'ambo ya barabara, akaambiwa barabara ina wizara yake. Mwishowe tukaletewa afisa wa matembezi. Alipanga viti kama vya basi, akawaketisha watoto humo ndani ya darasa, akasimama mbele na kuwasomea saa nzima mambo ambayo wangeyaona kama wangekwenda. Watoto wawili walitapika kwa kuamini kwamba wanasafiri.

Kisha, bila kutarajia, tukapewa kibali kimoja. Nyuma ya soko, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka shuleni, kulikuwa na Kituo cha Maji Safi, ambacho kilikuwa kimeshafunguliwa rasmi mara tatu na sasa kilikuwa kinafunguliwa mara ya nne. Walihitajika watoto wa kupiga makofi. Tukaenda tumeshikana kamba moja, watoto ishirini na watatu, Kidawa mbele, mimi nyuma.

Naibu Waziri wa Malezi na Utulivu, Mheshimiwa Lukindo, alihutubia. Alisema maji ni uhai, uhai ni maendeleo, na maendeleo ni maji, na kwamba mwenye macho ataona duara hilo halina mwanya. Akafungua bomba lililofungwa utepe, maji yakatoka, tukapiga makofi. Hapo Sauda akauliza kwa sauti yake nyembamba maji yanatoka wapi kabla ya kufika kwenye bomba. Mheshimiwa akacheka, akampapasa kichwa, akasema yanatoka serikalini.

Wakati watu wazima wakigombania soda, Sauda aliufuata mpira mweusi wa maji uliotoka chini ya bomba, kama alivyofundishwa kufuata kitu mpaka ajue mwisho wake. Kidawa alimfuata Sauda, na mimi nikamfuata Kidawa. Mpira ulipita chini ya ukuta, kwenye pengo. Tulipochungulia tuliona dimbwi, na pembeni ya dimbwi mfereji unaoleta uchafu wa machinjio. Ndani ya dimbwi, mbuzi mfu alielea. Mpira ulikuwa umetumbukizwa humo.

Ndiyo maji tuliyokuwa tunakunywa shuleni, na mtaani kote.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya sayansi. Kidawa alikata chupa, akaweka pamba, mkaa uliopondwa, mchanga na kokoto. Watoto wakamimina maji ya bomba la shule juu, wakasubiri chini kwa kikombe cheupe. Walihesabu matone. Wakaona pamba nyeupe inageuka kahawia, kisha nyeusi. Aliwaambia kwamba hata maji yaliyopita humo bado yana wadudu wasioonekana, na dawa yao ni kuyachemsha. Kisha akawaambia wachore walichokiona, na kila mtoto akachukua kalamu ya rangi ya kahawia. Michoro ikaenda nyumbani.

Wazazi wakaanza kuuliza. Kwa wakati ule watoto wengi wa mtaa wetu walikuwa wanaharisha, lakini hatukuwa na neno la kuita hali hiyo. Zahanati iliandika kwamba wana uchovu wa vitendo, yaani uchovu unaompata mtoto anayefundishwa kwa mikono. Kidawa alikwenda nyumba kwa nyumba baada ya masomo. Aliwaonyesha akina mama: lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, mtoto anywe kidogo kidogo. Nilikwenda naye. Nilihesabu watoto kumi na mmoja waliokuwa wamelegea kama nguo iliyolowa, na wote kumi na mmoja wakarudi darasani.

Jumatatu tukakuta kalamu zote za kahawia zimechukuliwa. Jumanne ikaja Kamati ya Uchunguzi.

Ilikaa darasani kwetu, kwa sababu ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa ndogo. Mheshimiwa Lukindo na wajumbe watano waliketi kwenye viti vya watoto, magoti usawa wa masikio. Kidawa alifungiwa stoo, akawa analetwa kuhojiwa na kurudishwa. Alishtakiwa kwa mambo mawili: kuyapa maji ya serikali rangi isiyo yake, na kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Siku hiyo ya kwanza Mheshimiwa alisema maneno ambayo baadaye yalichapishwa. Alisema, "Ndugu wajumbe, maji ni bluu. Hili si suala la sayansi. Hata watoto wa nchi zisizo na serikali wanajua kwamba maji ni bluu." Kidawa aliulizwa ana la kusema. Alijibu kwamba wainuke, watembee dakika kumi na tano, wachungulie ukutani. Mheshimiwa akamjibu kwamba Kamati haina kibali cha matembezi.

Siku ya pili asubuhi mama mmoja wa sokoni alikuja getini akaniita. Alisema Sauda ameanza kuharisha na kutapika tangu alfajiri, macho yameingia ndani, na bibi yake anaomba mimi niende. Nilikimbilia dirisha la stoo nikamweleza Kidawa. Alishika nondo za dirisha. Ndani mle alikuwa na chupa ya maji yenye chumvi na sukari, ambayo alikuwa ameileta kama kielelezo cha utetezi. Akanipitishia.

"Dada Semeni, nenda sasa hivi," alisema. "Mnyweshe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subiri kidogo, umpe tena. Usimwache bibi peke yake. Nenda."

Nikamwendea Bwana Ngwale kuomba ruhusa. Shati lake lilikuwa limelowa kutoka kola mpaka tumboni. Alisema kwamba wakati wa kikao mtumishi haruhusiwi kutoka bila kibali chenye saini ya Naibu Waziri, na Naibu Waziri hawezi kusaini vibali akiwa kikaoni. Akanipa fomu. Nikaijaza. Penye sababu ya kutoka niliandika mtoto anaumwa, akanirudishia, akaninong'oneza kwamba kuumwa hakuruhusiwi. Nikaandika matembezi.

Saa sita nikaitwa mbele ya Kamati kama shahidi. Chupa nilikuwa nimeificha ndani ya kanga. Mheshimiwa aliniuliza kwa upole kabisa, kama baba, mimi niliona maji yana rangi gani. Fomu yangu ilikuwa mezani mbele yake, chini ya kiwiko. Niliwaza kwamba nikijibu vizuri atasaini haraka. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na nimelirudia wazo hilo mara nyingi nikitafuta kama lilikuwa la kweli au nililitengeneza baadaye.

"Bluu, Mheshimiwa," nilisema.

Alifurahi. Wajumbe wakaandika. Kisha wakaenda kula chakula cha mchana na hawakurudi mpaka kesho yake.

Nilikaa barazani nikiwa na ile chupa. Geti lilikuwa wazi. Mlinzi alikuwa anakula hindi la kuchoma, amenipa mgongo. Kutoka pale nilikuwa naliona paa la soko, na nyuma yake mnazi ulio karibu na nyumba ya bibi yake Sauda. Kidawa alikuwa ananiita kutoka stoo, kwanza kwa jina, halafu kwa kugonga bati. Nilimwambia fomu imepokelewa. Jioni nilikwenda nyumbani kwangu kwa njia nyingine, ile isiyopita sokoni, kwa kuwa kibali changu kilikuwa hakijatoka.

Kibali kilitoka siku ya tatu, saa nne asubuhi, kikiwa na mihuri miwili. Nilikimbia. Nilipofika nyuma ya soko nikaona wanawake wameketi kwenye mikeka nje ya mlango, na wanaume wamesimama kando wakizungumza kwa sauti ya chini. Mmoja alisogea kunipa nafasi mkekani, nami nikaketi na kile kibali mkononi.

Kamati ilimaliza kazi siku hiyo hiyo. Taarifa ilisema mtoto mmoja amefariki kwa kuzidiwa na vitendo, kwamba taifa linasikitika, na kwamba mwalimu aliyehusika atarudishwa kwao ndani ya saa sita. Darasa likarudishwa kwenye utaratibu wa mikono kifuani.

Kidawa alitolewa stoo akiwa na begi moja; lile lingine lilichukuliwa kama ushahidi. Gari lilikuwa linasubiri. Alikuwa ameshaambiwa habari za Sauda, maana uso wake ulikuwa umevimba na midomo imekauka. Alisimama mbele yangu.

"Ulimpa?" aliniuliza.

Nikamwambia kibali kilichelewa.

Nilisubiri anitukane, na ingekuwa nafuu. "Ni dakika kumi na tano, Semeni," alisema, akaingia garini.

Mimi nikapandishwa cheo. Barua ilisema nimeonyesha uoni sahihi wa rangi, na kuanzia hapo nitakuwa Mratibu wa Sayansi, Kazi za Mikono na Matembezi katika shule yetu. Nilipewa ufunguo wa kabati. Ndani kulikuwa na kalamu ishirini na mbili za bluu.

Baada ya siku saba nilikwenda kwa bibi yake Sauda. Jina lake ni Bi Mwanamkasi. Anauza magimbi ya kuchemsha, na mgongo wake umepinda. Nilidhani atanifukuza. Alinikaribisha ndani, akaniwekea kigoda. Nilitaka kumweleza habari za fomu na kiwiko cha Mheshimiwa, lakini nilipofungua mdomo maneno yakawa ya Wizara, nikayaacha.

Yeye ndiye aliyesema. "Siku ile alikuwa anatazama mlango. Kila anayepita, anauliza kama ni Mwalimu Semeni. Mimi nikamwambia atakuja, mwanangu, ana kazi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananipa habari, kwa vile alidhani ningependa kujua kwamba mtoto alinikumbuka.

Sikulia pale. Nilikwenda shuleni asubuhi iliyofuata, nikawaambia watoto ishirini na wawili wakunjue mikono na washike kamba. Tukatoka getini. Mlinzi aliuliza tunakwenda wapi, nikasema kwenye matembezi. Tulipopita sokoni akina mama wakaacha mafungu yao ya nyanya wakatufuata, bila kuitwa, kwanza watatu, halafu kama thelathini. Bi Mwanamkasi alikuja akijikokota nyuma ya wote.

Kwenye Kituo cha Maji Safi alisimama askari mmoja mwenye bunduki ya zamani. Aliniuliza kibali kiko wapi.

"Sina," nilimwambia.

Alisubiri niendelee. Nadhani alikuwa amefundishwa cha kufanya kibali kikiwa kimeisha muda, au kikikosa muhuri, lakini si mtu akisema hana kabisa. Tukampita. Watoto walipiga magoti mmoja mmoja kwenye lile pengo chini ya ukuta, wakachungulia. Baada yao wakachungulia akina mama, vitenge vyao vikiburuzika kwenye matope. Kila mmoja aliinuka, akajipangusa magoti, akampisha mwenzake. Bi Mwanamkasi hakuweza kuinama, akaniomba nimsimulie kilichoko. Nikamsimulia: dimbwi, mfereji, mbuzi, mpira. Na rangi nikaitaja.

Nilikamatwa saa saba mchana. Nilikaa ndani miezi mitano na sasa siruhusiwi kukaribia mtoto, kalamu, wala chupa tupu. Nimemwandikia Kidawa Lushoto barua mbili. Posta wanasema barua za nje husomwa kwanza, na msomaji yuko likizo.

Serikali ilichukua hatua haraka. Ukuta wa kituo uliongezwa mita mbili, pengo likazibwa kwa saruji, na kituo kikafunguliwa rasmi kwa mara ya tano. Maji bado yanatoka pale pale. Ila mtaani kwetu sasa kila nyumba inachemsha. Hilo lilipofika Wizarani kulikuwa na wasiwasi kidogo, mpaka Mheshimiwa Lukindo alipotangaza redioni kwamba kuchemsha maji ni utamaduni wetu wa tangu zamani, na kwamba Kiongozi ndiye aliyeufufua.

Asubuhi ukipita nyuma ya soko utaona moshi kwenye kila mlango, na masufuria makubwa, maana familia za kule ni kubwa. Bi Mwanamkasi naye anachemsha. Sufuria yake ni ndogo, kwa sababu anayekunywa ni yeye peke yake.